Siagi ya nyumbani ikikataa usilaumu mkono wako, angalia joto

Habari zenu ndugu zangu. Mimi kazi yangu ni usalama wa maziwa, leo niko na kikundi cha wafugaji, kesho niko na akina mama wa mjini wenye viduka vya kuuza maziwa (deri), na swali la siagi haliishi. Juzi upande wa Kiruhura, huku kwetu Uganda, mama mmoja akasimama akaniambia, "Mwalimu, nimetikisa ile chupa saa nzima mpaka mabega yameuma na siagi imekataa kutoka, hawa ng'ombe wangu wana shida gani?" Nikamuuliza mama ulianza saa ngapi, akasema saa nane mchana. Basi, shida ikajulikana. Ng'ombe wake wako sawa kabisa, tena wale wenye pembe ndefu wa Ankole maziwa yao yana mafuta kuliko ya Friesian, ni jua la saa nane ndilo lilimharibia kazi.

Ngoja niwaeleze vizuri hapa maana ukielewa hili hautapoteza krimu tena. Mafuta ya maziwa yako ndani kama vitone vidogo vidogo sana, macho hayavioni, na kila kitone kimefunikwa na ngozi nyembamba inayokizuia kisishikane na mwenzake. Unaposukasuka unavigonganisha mpaka ile ngozi inapasuka na mafuta yanashikana, yanakuwa chembe, chembe zinakuwa madonge, ndiyo siagi. Sasa ili yashikane lazima ndani ya kitone sehemu ya mafuta iwe imeganda na sehemu iwe bado laini. Ile iliyoganda inatoboa ngozi, ile laini inafanya kazi ya gundi. Krimu ikiwa ya moto mafuta yote yameyeyuka, unagonganisha maji na maji, na hata ukibahatika kupata kitu kinakuwa cha kuteleza teleza kama jeli ya kupaka. Na ikiwa baridi kupita kiasi yote ni magumu, hayanati, utatikisa mpaka uchoke. Joto zuri ni kati ya digrii 10 na 15 hivi. Kampala mchana ni 25 na zaidi, kwa hiyo mnaona wenyewe. Akina mama wa Ankole wanaosuka kwa ekisabo, kile kibuyu chao, wanafanya asubuhi mapema kabla jua halijapanda, na wale hawajasoma popote mambo ya vitone, ni kuangalia kwao tu miaka na miaka, mimi nawaheshimu sana.

Lakini kabla ya baridi kuna moto, na hapa sitanii. Maziwa mabichi yasiende kwenye siagi. Kuna ugonjwa wa brusela, uko kwa ng'ombe wetu na mbuzi pia, na kijidudu chake kikiingia kwa siagi kinaweza kukaa humo hai wiki nyingi hata ndani ya friji, chumvi kidogo tunayoweka haikisumbui. Mtu anapata homa inayokuja na kurudi, jasho la usiku, viungo vinauma, uchovu usioisha, anameza dawa za malaria mara ya kwanza, mara ya pili, wapi, na kumbe ni brusela ambayo matibabu yake ni antibiotiki mbili pamoja kwa wiki sita au zaidi. Mama mjamzito anaweza kupoteza mimba. Nimekaa na familia iliyougua watu watatu nyumba moja, wote walikuwa wanakula siagi mbichi ya nyumbani wakiamini kitu cha asili hakina madhara, na bado hiyo picha haijanitoka. Maziwa kuchacha peke yake hakutoshi, na kufukiza kibuyu kwa moshi ni kuzuri kunapunguza wadudu wa kwenye chombo, lakini kijidudu kilichotoka ndani ya ng'ombe hakifi kwa moshi.

Sasa tufanye kazi. Chukua lita 5 za maziwa yaliyokamuliwa leo au ya deri unayoiamini, sio ya pakiti, yale ya pakiti mengi yamevunjwavunjwa mafuta kiwandani ili krimu isipande juu, ukiyaweka hata siku mbili hautaona kitu. Yamimine kwenye sufuria pana, funika, weka kwenye friji mpaka kesho. Asubuhi krimu imepanda juu, ina rangi ya manjano kidogo, iteke polepole na upawa bila kuchimba chini. Maziwa yanayobaki usimwage jamani, yachemshe ni ya chai na ya kugandisha bongo, yaani maziwa ya mgando. Wengine wanachemsha kwanza ndio wanakusanya malai, ule utando wa juu, hiyo pia ni sawa, unapata krimu kidogo kidogo tu.

Ile krimu iweke kwenye sufuria ndogo, na sufuria ndogo iwe ndani ya kubwa yenye maji yanayochemka ili isiungue, koroga polepole. Mwenye thamometa afikishe digrii 75 na aiache hapo dakika kadhaa, asiye nayo asubiri mvuke upande na vipovu vidogo vianze kuzunguka pembeni, aendelee dakika 5. Kisha ipooze haraka, weka sufuria kwenye beseni la maji yenye barafu (ile ya kaveera, yaani ya mfuko wa plastiki, ya dukani inatosha), alafu funika irudi kwenye friji ilale usiku mzima. Huu usiku wa pili watu wengi wanauruka wakiona ni kupoteza muda, ila ndio usiku wenyewe mafuta yanaganda vile nilivyosema, krimu iliyopoa juu juu saa moja tu ndani bado haijawa tayari. Kwa hiyo usisuke siku hiyo hiyo.

Siku ya kusuka itoe friji uiache mezani dakika 15 au 20, mimina kwenye chupa yenye mdomo mpana na kifuniko kinachobana, isizidi nusu, maana ikijaa haina pa kujigongea. Tikisa. Kwanza ni povu, baadaye inakuwa nzito mpaka unahisi hakuna kinachocheza ndani, hapo wengi wanakata tamaa na ni karibu sana, endelea kidogo na ghafla utasikia chubwi chubwi, maji yamejitenga na madonge. Kawaida ni dakika 10 mpaka 20. Ikipita nusu saa acha kutikisa, zamisha chupa kwenye maji ya baridi au kama iko baridi sana iache mezani, kisha jaribu tena.

Maji yaliyojitenga yachuje uyanywe au ukandie chapati. Siagi ioshe kwa maji ya baridi sana yaliyochemshwa na kupozwa, unaikanda na mwiko, unamwaga, unaweka mengine, mpaka maji yatoke maangavu kabisa bila rangi ya maziwa, mara tatu nne. Siagi inayonuka baada ya siku mbili mara nyingi ni maziwa yaliyobaki ndani yake, ndiyo yanayochacha, mafuta yenyewe hayana haraka hiyo. Ikande tena kutoa maji yote, na kwa gramu 200 weka nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kutoka lita 5 ukipata gramu 150 mpaka 200 umefanya vizuri sana, usilinganishe na kiwanda chenye mashine. Ifunike vizuri, kwenye friji inakaa wiki mbili hivi.

Na kama huna friji, au Yaka, ule umeme wa kulipia kabla, inaisha katikati ya mwezi kama kwa wengi wetu, basi krimu ipooze kwenye chungu chenye maji usiku, suka alfajiri, na siagi usiiweke kabisa, ipike iwe samli siku hiyo hiyo. Siagi nzuri ina mafuta asilimia 80 na maji kama 16, hayo maji ndiyo wadudu wanayapenda, kwa hiyo unayafukuza. Moto mdogo, sufuria kavu, itachemka kwa kelele na povu, usiondoke hapo. Kelele ikipungua, mafuta yakawa angavu ukaona hadi chini na vile vipande vya chini vimeanza kuwa kahawia, ipua haraka kabla havijaungua, chuja kwa kitambaa safi kikavu kwenye chupa kavu. Kilo ya siagi inatoa kama gramu 800. Itakaa miezi bila friji. Wanaoipiga kwa maji ya baridi kutengeneza eshabwe, ule mchuzi mweupe wa samli wa Ankole, ya harusi, maji hayo nayo yawe yamechemshwa na kupozwa, na kwenye chupa ya akiba kijiko chenye maji kisiingie hata mara moja.