Je, wajua ni printa gani huchapa picha isiyobanduka, kwenye jezi na kwenye ski?

Katika barabara za Ngamiani, mjini Tanga, zile zinazoitwa kwa namba badala ya majina, hakikosekani kibanda chenye jezi zilizotundikwa mlangoni, na ndani yake mtu aliyesimama mbele ya mashine yenye mfuniko mzito, akihesabu sekunde kimoyomoyo. Akifunua mfuniko na kubandua karatasi, jina la mchezaji na namba yake vimekwisha kuwa sehemu ya kitambaa: ukipitisha kidole hakuna unachohisi, na ukikunja hakuna kinachopasuka. Kazi hiyohiyo, katika nchi zenye theluji, hufanywa na watu wanaojitengenezea ski nyumbani, yaani zile mbao ndefu za kuvaa miguuni ili kuteleza mlimani. Theluji iliyo karibu zaidi nasi iko kileleni Kilimanjaro, na huko watu hupanda kwa miguu, hata hivyo, mtengenezaji wa ski na mchapaji wa jezi wa Ngamiani hukutana kwenye swali moja, ambalo vijana wanaotaka kuanza kazi hii huniuliza kila mara: "Mjomba, ninunue printa gani?"

Jibu langu huwa ni kwamba printa ichaguliwe mwisho. Kwanza tujue rangi inaingiaje ndani ya kitu.

Wengi wetu tumekulia kwenye nyumba ambamo vidonge vyeupe vya nafthalini viliwekwa kabatini ili nondo wasile nguo. Vidonge vile hupungua siku hadi siku mpaka vikaisha, na kabatini hapapatikani tone la maji wala doa, kwa sababu nafthalini hutoka kwenye hali ya yabisi ikawa mvuke moja kwa moja, bila kupitia hali ya kimiminika. Mageuzi hayo ndiyo yanayoitwa sablimesheni. Wino wa kazi yetu umebeba rangi zenye tabia hiyo, ila zenyewe hungoja joto kali, la nyuzi 180 hadi 210 za Selsiasi. Picha huchapwa kwanza kwenye karatasi, ambako huonekana imefifia kiasi cha kumtia mteja wasiwasi. Kisha karatasi hulazwa juu ya kitambaa cha poliesta na kukandamizwa kwa joto. Joto hilo hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: hugeuza rangi kuwa mvuke, na hulegeza minyororo ya molekuli za poliesta hata mvuke ukapata upenyo wa kuingia. Kitambaa kikipoa, minyororo hujifunga na rangi hubaki imenaswa ndani yake. Mbinu ya kuhamisha picha kutoka karatasini kwa njia hii huhusishwa na Mfaransa Noël de Plasse, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha nguo cha Lainière de Roubaix mwaka 1957.

Pamba haina milango hiyo. Niliwahi kukubali kazi ya fulana za pamba kwa ajili ya harusi, nikidhani tofauti itakuwa ndogo. Picha zilitoka nzuri, zikasifiwa, na baada ya kufuliwa mara ya pili majina ya maharusi yalikuwa kama yameandikwa kwa chai ya rangi. Nilirudisha fedha. Mbao tupu ina tatizo lilelile, na kikombe cha udongo hukubali picha kwa sababu tu kimepakwa kiwandani tabaka la polima, yaani kitu cha jamii ya plastiki. Aidha, wino wa kawaida wa sablimesheni hauna rangi nyeupe: weupe wote unaouona kwenye picha ni weupe wa kitu chenyewe, na ndiyo maana hatuchapi juu ya jezi nyeusi.

Sasa tuitazame ski. Ndani yake kuna kiini cha mbao, kilichofunikwa juu na chini kwa nyuzi za kioo zilizoloweshwa epoksi, gundi inayokauka ikawa ngumu, vitu ambavyo mafundi wetu wa boti wanavijua vizuri kwa jina la faiba. Chini kabisa hubandikwa plastiki ya polithini ngumu inayoteleza, na juu kabisa huwekwa karatasi nyembamba ya plastiki, mara nyingi ya jamii ya nailoni. Picha huingizwa kwenye plastiki hiyo ya juu kabla haijabandikwa, na mafundi wengi hupendelea kuiingiza upande wa nyuma wa plastiki angavu, ili mikwaruzo ya mawe na barafu iishie kwenye plastiki bila kuifikia picha. Hapo huzuka mtego mmoja unaonifurahisha. Sisi wa jezi tumezoea kuchapa maandishi yakiwa yamegeuzwa kama yaonekanavyo kwenye kioo, ili yakihamia kwenye nguo yasomeke sawa; lakini anayechapa nyuma ya plastiki angavu hapaswi kugeuza chochote, kwa kuwa picha yake itatazamwa kutoka upande wa pili. Tena nyuma ya picha hiyo huhitajika tabaka jeupe, la sivyo rangi ya mbao itajitokeza na njano yote itaonekana imechafuka.

Tukirudi kwenye printa, jambo la kwanza la kuuliza ni namna kichwa chake, yaani sehemu yenye vitundu vya kutolea wino, kinavyorusha wino huo, na hili ni kubwa kuliko jina la kampuni au idadi ya rangi. Printa za wino za nyumbani ni za namna mbili. Katika namna ya kwanza, ambayo ndiyo ya printa nyingi za HP na Canon, ndani ya kila kitundu kuna kipasha joto kidogo mno ambacho huchemsha wino ghafla kwa joto linaloweza kupita nyuzi 300. Povu la mvuke huzaliwa, nalo husukuma tone nje. Kwa wino wa kawaida wa maji hakuna ubaya. Wino wetu, hata hivyo, una chembe za rangi zinazoelea bila kuyeyuka, na zimeundwa makusudi ziitikie joto. Kuzichemsha ndani ya kichwa ni kualika ukoko kwenye vitundu, na muda si mrefu mistari mitupu hujitokeza kwenye picha. Namna ya pili hutumia piezo, kitu kigumu ambacho hujikunja kidogo kinapopitishiwa umeme na kulisukuma tone bila joto lolote. Epson hutumia njia hii, na ndiyo sababu mafundi wengi, wa jezi na wa ski, huishia kwenye printa za kampuni hiyo, hasa zile zenye matangi ya kujazwa kwa chupa. Sawgrass, wanaouza printa pamoja na wino wa sablimesheni, nao hutumia piezo.

Ukichagua printa ya matangi ili uijaze wino wa sablimesheni, inunue ikiwa mpya na usiitie kamwe wino uliokuja nao kwenye boksi. Wino mbili zikichanganyika kwenye mirija, rangi huharibika na kuzisafisha ni kazi ya kukatisha tamaa. Wala usitarajie kuitumia tena printa hiyo kwa barua za ofisi. Waranti nayo huenda ikakataliwa, kwa sababu umeweka wino ambao mtengenezaji hakuukusudia.

Swali la pili ni upana na urefu. Karatasi ya A4, milimita 210 kwa 297, inatosha vikombe na nembo ya kifuani. Namba ya mgongoni huenda vizuri zaidi na A3+, ambayo ni milimita 329 kwa 483. Ski hutaka zaidi ya hapo: mtu mzima hutumia ski yenye urefu wa sentimita 160 hadi 190 hivi, na ingawa upana wake ni mdogo kiasi kwamba mbili zikilazwa sambamba huweza kuenea kwenye A3+, urefu huo hauingii kwenye karatasi ya kukatwa. Ndiyo maana mtengenezaji wa ski hutafuta printa inayolishwa roli, kama Epson SureColor F570, yenye upana wa inchi 24, yaani milimita 610. Kuunga vipande vya A3 inawezekana, lakini kiungo huonekana, na mtu aliyetumia wiki kadhaa kuchonga mbao hapendi kuona mstari katikati ya kazi yake.

Urefu huo pia hutafuta mashine ya joto inayolingana nao. Mashine yetu ya kawaida ya sentimita 38 kwa 38 ingelazimika kukandamiza ski moja mara tano, na kila mpaka ungeacha alama. Mafundi wa ski huwa na presi ndefu yenye blanketi za silikoni zilizopitishwa nyaya za joto, kwa ajili ya kukausha epoksi. Ila epoksi haihitaji joto kubwa hivyo, na si kila blanketi linafikia joto la sablimesheni. Plastiki nayo ina mpaka wake. Poliesta ya jezi huvumilia nyuzi 200 kwa sekunde 45 hadi 60, ilhali nailoni 12, mojawapo ya nailoni za juu ya ski, huyeyuka karibu na nyuzi 178, hivyo hupewa joto la chini na muda mrefu zaidi. Mkeka wa plastiki wa polipropilini huyeyuka karibu na 160, jambo ambalo mtu anaweza kulijua kwa kusoma au kwa kukwangua mashine yake jioni nzima.

Kwa sisi tulio pwani, unyevu wa hewa huharibu kazi nyingi kuliko printa. Karatasi hunyonya maji bila kuonekana, na chini ya joto maji hayo hugeuka mvuke unaosukuma rangi pembeni, ukaacha madoa ya bluu na kingo zenye ukungu. Roli au rimu ya karatasi ikae ndani ya mfuko uliofungwa pamoja na vile vijifuko vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na kitambaa kikandamizwe kikiwa kitupu kwa sekunde tano hadi kumi kabla ya picha kuwekwa. Mashine ya joto ya wati 1,800 huvuta takriban ampea 8, kwa hiyo ichomekwe ukutani, si kwenye ekstensheni moja na printa. Na hata kama wiki hiyo hakuna oda, chapa ukurasa mdogo wenye rangi zote kila baada ya siku mbili au tatu, maana wino ukilala kichwani kwenye joto la Februari hukauka, na kichwa kipya huweza kugharimu karibu sawa na printa nzima.