Mama ngojea: nyumba ya kusubiria uchungu, na nani anaihitaji

Mama ngojea ni nyumba iliyojengwa ndani ya uzio wa hospitali au kituo cha afya, au jirani yake kabisa, ambamo mjamzito anayetoka mbali hukaa wiki zake za mwisho akisubiri uchungu. Dodoma utasikia ikiitwa chigonela. Si wodi. Ina vitanda, choo, kamba ya kuanikia kanga na jiko la kupikia. Nesi hupita kupima presha na kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, na uchungu ukianza mama anatembea mwenyewe hadi chumba cha kujifungulia.

Wengi wakisikia habari hii huuliza: kwa nini mtu akae wiki 2 au 3 kwenye nyumba ya watu wakati kwake hajambo kabisa? Jibu liko kwenye pesa na barabara. Tanzania, kwa sera, huduma ya uzazi kwenye vituo vya serikali ni bure. Aliyewahi kumsindikiza mke au dada anajua kwamba bure hiyo ina orodha yake: glavu, pamba, wembe, vibanio vya kitovu, mpira wa kutandika, beseni, kanga safi. Vitu hivyo familia huvinunua kimoja kimoja tangu mimba ikiwa changa, na mwisho vinatimia. Gharama isiyopangika ni gari la saa nane usiku. Mwenye gari ameamshwa usingizini, mvua inanyesha, mto umejaa. Hapo bei anapanga yeye na hakuna wa kubishana naye. Mara nyingi kwa familia ya kijijini uzazi unagharimu zaidi njiani kuliko kitandani.

Kwa hiyo mama ngojea si njia ya kukwepa hospitali. Ni njia ya kulipia umbali mapema, mchana, kwa nauli ya basi la kawaida.

Lakini si kila mjamzito anahitaji hospitali, na hapa ndipo watu wanapopoteza pesa bure. Mimba ya pili hadi ya nne isiyo na tatizo, kwa mama aliyejifungua salama huko nyuma, inaweza kuishia vizuri zahanati au kituo cha afya, mradi pawe na mkunga mwenye mafunzo na vifaa. Wataalamu wana kipimo chao cha kituo kinachotoa huduma za msingi za dharura za uzazi: mambo 7. Dawa za bakteria kwa sindano, dawa za kuzuia damu isimwagike, dawa za kifafa cha mimba, kutoa kondo la nyuma kwa mkono, kusafisha mabaki ya mimba, kumsaidia mtoto kutoka kwa kifaa cha kuvuta, na kumsaidia kichanga asiyepumua. Yakiongezwa upasuaji na damu ya kuongezea, ndipo huduma inakuwa kamili, na hayo mawili kwa kawaida ndiyo yanayompeleka mtu hospitali.

Nani basi apelekwe huko? Kadi ya kliniki inasema yenyewe, kama mtu ataisoma. Mimba ya kwanza kwa msichana mdogo au kwa mama aliyevuka miaka 35. Mimba ya tano na kuendelea. Aliyewahi kupasuliwa, aliyezaa mtoto mfu, mwenye kimo chini ya sentimita 150, mwenye mapacha, mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo, au ambaye mtoto ametanguliza matako. Mama mwenye alama kama hizo anayeishi saa kadhaa kutoka hospitali ndiye hasa aliyejengewa nyumba hii. Anayekaa mtaa wa pili na hospitali hana sababu ya kuhama kwake.

Kuna hesabu moja ambayo wakunga huifundisha na ambayo ningependa kila mume aijue. Damu ikianza kumwagika kwa wingi baada ya mtoto kutoka, bila msaada, mama anaweza kufa ndani ya takriban saa 2. Kifafa cha mimba huacha muda mrefu zaidi. Saa 2 ni pungufu ya muda wa kumtafuta mwenye gari katika vijiji vingi. Ndiyo maana kuzalia nyumbani, hata kwa mkunga wa jadi mwenye mikono mizuri, siwezi kusema ni njia ya bei nafuu. Huyo mkunga wa jadi kazi yake bora siku hizi ni kumtoa mama nyumbani mapema na kumsindikiza.

Wazo lenyewe si la jana. Cuba ilianza kujenga nyumba za aina hii mwaka 1962 kwa ajili ya wanawake wa vijijini, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza kwa maeneo ya mbali, kwa sharti kwamba ziwe karibu na kituo kinachotoa huduma muhimu za uzazi. Shirika hilo hilo lilikiri kwamba ushahidi wake ni dhaifu. Naona ni haki kusema hivyo, maana nyumba peke yake haimzalishi mtu. Kituo kilicho jirani kikiwa hakina damu wala mtaalamu wa usiku, mama amehama tu kitanda.

Ugumu mwingine ni wa nyumbani. Nani atabaki na watoto? Mama akiondoka msimu wa kupalilia, shamba linamngoja. Na chakula mara nyingi hujitegemea: unga, maharage, mafuta na mkaa vinatoka kwenye mfuko wenu, pengine pamoja na vya ndugu anayemsindikiza. Kabla ya kumpeleka, ulizeni kliniki kama kuna kitanda, kama msindikizaji analala humo, jiko ni la kuni au la mkaa, na kama hospitali hiyo inapasua usiku. Wengi huambiwa waende mimba ikikaribia wiki 37 au 38. Mwenye mapacha au kovu la upasuaji huambiwa mapema zaidi.

Kama uchungu umewahi na mama bado yuko kijijini, Tanzania kuna namba 115 ya mfumo wa m-mama, isiyo na malipo. Anayepokea huuliza dalili, kisha humtafuta dereva wa gari la wagonjwa au, likikosekana, dereva wa kawaida aliyesajiliwa ambaye hulipwa na mfumo, si na familia.