Ampu yenye valvu siyo lazima iwe ampu ya valvu

Kwenye magrupu ya kuuza vyombo vya muziki kuna tangazo moja linajirudia kila mara kwa sura tofauti: "Ampu ya valvu, wati 100, sauti ya kizamani kabisa, bei maelewano." Ukikuza picha unaona mbele kuna kidirisha cha plastiki, ndani yake kichupa kimoja kinang'aa rangi ya chungwa. Kimoja tu. Na huko chini watu wanajazana, oh sauti ya valvu haina mpinzani, oh hilo ndo joto la Hendrix, yule mpiga gitaa wa roki. Sasa tuelewane kidogo hapo.

Maana yenyewe haina mambo mengi. Ampu ya gitaa ya valvu ni ile ambayo kazi ya kukuza umeme mdogo unaotoka kwenye gitaa, na hasa kazi ya mwisho ya kusukuma spika, inafanywa na valvu badala ya transista, yaani kile kifaa kidogo kigumu kilichokuja kuchukua nafasi ya valvu. Valvu ni kichupa cha kioo kilichonyonywa hewa yote, ndani kuna kathodi inayopashwa moto mpaka inatema elektroni, kuna bati linalozivuta kwa volti mia mbili, tatu, nne huko, na katikati kuna kawavu kembamba. Umeme wa gitaa ukitikisa kale kawavu, mto mzima wa elektroni unatikisika nao. Ni teknolojia ya mwanzoni mwa karne ya 20, Fleming pale Uingereza alitoa valvu yake mwaka 1904 na Lee de Forest kule Marekani akaja kuongeza kawavu miaka miwili baadaye, na wazee waliowahi kuwa na redio ya valvu wanaikumbuka, unawasha halafu unakaa kuisubiri ipate moto ndo iongee. Haya, maana imeisha.

Kinachosumbua ni hiki: watu wanadhani ile "sauti ya valvu" ni unyevu fulani ulioko ndani ya kichupa, kwamba umeme wa gitaa ukipita mahali popote penye kichupa basi unatoka na utamu wake. Siyo hivyo. Ni sawa na kunyunyiza kijiko cha tui juu ya wali mweupe ukishaiva halafu ukauita wali wa nazi. Nazi ipo, hakuna anayebisha, ila haikupikwa humo.

Chukua ampu moja ya ukweli tuitazame, tuseme Fender Deluxe Reverb ya katikati ya miaka ya 60, zile za uso mweusi zilizotoka Fullerton, California. Ukizunguka nyuma (nyuma iko wazi, ndivyo zilivyotengenezwa) unaona safu ya valvu zinaning'inia vichwa chini. Vile vidogo ni aina ya 12AX7 na ndugu zake, Wazungu wa Ulaya wanaiita ECC83, hivyo vinakuza sauti hatua ya mwanzo, vingine vinaendesha riverbu (ule mwangwi) na tremolo (ile sauti kupanda na kushuka kwa mtetemo). Halafu kuna mbili kubwa zaidi, 6V6, hizo ndo zinazobeba mzigo. Na pembeni kuna nyingine tena, GZ34, ambayo yenyewe haigusi sauti ya gitaa kabisa, kazi yake ni kugeuza umeme wa ukutani kuwa mkondo wa upande mmoja. Hapohapo kwenye fremu ya chuma kuna transfoma, moja ya kuingizia umeme, nyingine ya kutolea sauti kwenda kwenye spika. Nguvu yote hiyo jumla ni wati 22.

Sasa chomeka gitaa, weka volyumu 3. Sauti ni safi, inalia kama imeoshwa, noti za juu zinametameta. Wengi hapa wanashangaa, "mbona haikwaruzi?" Haikwaruzi kwa sababu hujaiambia ikwaruze, na hapa nitoe kero nyingine ndogo: valvu siyo jina lingine la distoshoni, yaani ule mkwaruzo. Twin Reverb, Fender kubwa zaidi, ilikuwa na valvu nne za 6L6 na wati 85 na watu waliipenda kwa sababu unaipandisha na bado inabaki safi. Anayepiga solo ya sebene au benga, ambaye anataka kila noti itoke peke yake bila kuungana na mwenzake, angeifurahia kuliko yule wa roki.

Pandisha sasa ile Deluxe mpaka 6 au 7. Ukigusa uzi taratibu bado ni safi. Ukiupiga kwa nguvu, sauti inaanza kunguruma, na hapo ndani kuna mambo manne matano yanatokea kwa pamoja. Zile 6V6 zimefika mwisho wa uwezo wao, wimbi la sauti linaminywa kichwani, linaviringika taratibu kabla halijakatika, tofauti na transista ambayo mara nyingi inalikata wimbi ghafla. Wakati huohuo zinavuta mkondo mwingi kuliko kawaida, na ile valvu ya rektifaya, ile GZ34 ya kugeuza umeme, ina ukinzani wake, kwa hiyo volti ya ampu nzima inashuka kidogo. Noti inazama sekunde ndogo sana halafu inapanda tena. Hiyo ndo wapigaji wanaisikia vidoleni wanasema ampu "inapumua" au "inajibu". Transfoma ya kutolea sauti nayo inaelemewa, hasa kwenye besi. Na spika, hii watu wanaisahau kabisa, spika kwenye ampu ya valvu iko huru zaidi. Ampu ya transista ya kawaida inaishika karatasi ya spika kwa nguvu, ikisema simama inasimama. Valvu hazishiki hivyo, kwa hiyo pale ambapo spika yenyewe inapenda kutetema, chini kwenye besi na huku juu kwenye makali, sauti inavimba. Ule "unene" unaousikia sehemu kubwa ni huo.

Umeona? Karibu yote hayo yako hatua ya mwisho, kati ya valvu kubwa, transfoma na spika. Kile kichupa kimoja cha mbele kwenye dirisha la plastiki hakihusiki na hata moja kati ya hayo, maana baada yake kuna transista au chipu ndo inasukuma spika, na hiyo inaishika spika vilevile kama redio ya gari. Tena kuna vifaa vingine vya bei rahisi ile valvu inalishwa volti kumi na mbili tu au karibu na hapo, badala ya mia mbili na ushee, kwa hiyo inafanya kazi ikiwa na njaa, na ile rangi ya chungwa unayoiona saa nyingine ni kitaa cha LED kimewekwa nyuma yake kupendezesha. Valvu yenyewe inawaka hafifu, haiwaki kama jiko la mkaa.

Mtu atasema, lakini si na hatua ya mwanzo ina mchango? Inao, sikatai. Hadithi ya Marshall, ampu za Uingereza, inaonesha vizuri. Jim Marshall alikuwa na duka la vyombo Hanwell, London, na mwaka 1962 yeye na vijana wake, Ken Bran na Dudley Craven, walichukua ampu ya Fender Bassman ya mwisho wa miaka ya 50 wakaifuatisha saketi karibu mstari kwa mstari. Bassman ilitengenezwa kwa ajili ya gitaa la besi lakini wapiga solo wakaipora. Sasa kopi yao, JTM45, ikatoka na sauti yake tofauti kabisa. Kwa nini? Valvu ya kwanza waliweka ECC83 ambayo inakuza zaidi ya ile 12AY7 ya Fender, ndiyo, hatua ya mwanzo hiyo. Lakini pia transfoma zilikuwa za Uingereza, valvu za mwisho zikahama kwenda KT66 na baadaye EL34, na badala ya spika nne za inchi 10 kwenye kasha lililo wazi nyuma wakaweka spika za Celestion nne za inchi 12 kwenye kasha lililofungwa. Saketi ni ileile kwenye karatasi, sauti imekuwa ya nchi nyingine. Vox, Waingereza wengine, wakaenda njia yao, ampu yao ya AC30 ina valvu nne za EL84 na haina ule mrejesho wa kutulizia sauti (sehemu ya sauti ya mwisho inarudishwa nyuma kuisawazisha) ambao Fender na Marshall wanao, ndo maana inalia kwa makali na kengele nyingi hata kabla haijapandishwa sana.

Na mpiga gitaa Eric Clapton mwaka 1966, aliporekodi na bendi ya bluzi ya John Mayall kwenye studio za Decca, aliweka Marshall yake na kuipandisha kama yuko stejini, mafundi wa studio hawakuzoea kelele ya namna hiyo. Hakuwa anajionesha. Sauti aliyoitaka ilikuwa huko juu, kwenye hatua ya mwisho, na njia pekee ya kuifikia ilikuwa kupiga kwa sauti kubwa. Hapo ndo utajua wati 100 kwenye tangazo siyo sifa kwa mtu anayetafuta sauti hiyo chumbani. Wati 100 dhidi ya 50 ni desibeli 3 tu, sikio linaona tofauti ndogo, ila ili valvu kubwa za ampu ya wati 100 zifike mwisho wa uwezo wao majirani watahama. Fender Champ ndogo ya wati kama 5, yenye 6V6 moja, inafika huko mapema zaidi.

Kuna na ile nadharia ya kwamba valvu zinatoa hamoniki (sauti za juu zinazozaliwa pamoja na noti) shufwa, za mara mbili, nne, sita ya noti, tamu, na transista zinatoa witiri, za mara tatu, tano, saba, chungu. Inarudiwa kila mahali kama aya. Champ, yenye valvu moja mwishoni, sawa, inatoa shufwa za kutosha. Lakini ampu nyingi maarufu, Deluxe, Twin, Marshall, zinatumia valvu kwa jozi, moja inasukuma nyingine inavuta, na mpangilio huo kwa asili yake unafuta sehemu kubwa ya hamoniki shufwa zinazozaliwa hatua hiyo. Kinachobaki zaidi ni witiri. Na watu wanazipenda hizohizo. Na kabla mtu hajaniletea "Klasi A ya Vox" (mpangilio ambao valvu zote zinafanya kazi muda wote), AC30 ikisukumwa mpaka wati zake 30 haikai tena kwenye Klasi A, jina hilo lilibaki kwa sababu linauza.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni ampu za Music Man za miaka ya 70, ambazo Leo Fender mwenyewe, mwanzilishi wa Fender, alihusika. Mle waligeuza mambo: mbele wakaweka transista, nyuma wakaacha valvu kubwa. Yaani kinyume kabisa cha hivi vidirisha vya plastiki, na zinajibu vidole kwa namna mpigaji wa valvu anaitambua. Kwa upande mwingine B.B. King, mpiga gitaa wa bluzi, ambaye watu wakitaka kuelezea "joto la valvu" wanamtaja yeye, kwa miaka mingi alisimama mbele ya ampu ya Lab Series L5, transista tupu. Kwa hiyo transista siyo tusi. Ampu ya Roland Jazz Chorus nayo ni transista toka 1975 na kwa sauti safi bado inaheshimika.

Kama unanunua ya zamani kweli, mbili tatu za haraka. Iliyotoka Marekani kwa kawaida ni ya volti 120 au karibu na hapo, ukiichomeka kwenye 230 au 240 yetu bila transfoma ya kushusha unaweza kuiua papo hapo. Kapasita za kuchuja umeme, vile vidude vinavyotunza umeme ndani, zinakauka kwa umri, ikinguruma bila gitaa kuchomekwa anza kuzishuku hizo. Na usifungue kasha ukaingiza mkono eti umeshachomoa waya ukutani, zile kapasita zinaweza kubaki na volti 400 na zaidi, zinaua mtu. Mpe fundi anayezijua.

Kwa hiyo ndugu muuzaji, hakuna anayekugombeza. Ukiwa unaandika tangazo, zunguka nyuma utazame. Ukikuta transfoma mbili nzito na valvu kubwa mbili au nne karibu nazo, andika ampu ya valvu na utaje ni 6L6 au EL34 au nini, mnunuzi atakuja mwenyewe. Ukikuta bati la alumini lenye mapezi ya kupozea joto na kichupa kimoja kule mbele, andika "ampu chotara, valvu moja hatua ya mwanzo". Itauzika vilevile, maana anayeitaka kwa ajili ya kwaya ya Jumapili wala hahitaji volyumu ifike 7.