Kiroba cha Mabaki Si Mfarishi

Wiki iliyopita, kwa mara ya nne tangu mwaka huu uanze, mteja alishuka kwenye bodaboda mbele ya kibaraza changu cha kushonea mifarishi, yaani blanketi za tabaka tatu zenye uso wa vipande vya vitambaa, hapa Mwanga, Kigoma, akanibwagia kiroba cha mabaki ya vitenge alichopewa na fundi wake wa nguo, kisha akatamka maneno ambayo sasa nayasikia hata usingizini: "Vitambaa ninavyo tayari, dada, wewe ni kuviunganisha tu."

Habari za kufua vitambaa kabla ya kukata, ili vimalize kurudi na kuchuja rangi, sitazirudia. Anayebisha ashone chekundu kando ya cheupe, afue, halafu tuonane. Wala sitakaa kueleza kwamba uso, pamba ya katikati na bitana ni sharti vishikwe pamoja kwa mshono unaopenya vyote vitatu, la sivyo umeshona shuka.

Kinachoniudhi ni hiyo "tu". Fundi anapokata gauni, sehemu zilizonyooka hubaki kwenye gauni, na anachokitupa ni kile kilichotoka shingoni, kwapani na kwenye mzunguko wa sketi, yaani pembetatu zenye matumbo, ambazo karibu kila ukingo wake umekatwa hanamu, yaani kwa mshazari. Kitambaa kilichofumwa kina mtande, yaani nyuzi za urefu, unaovutika kidogo sana, na mshindio, yaani nyuzi za upana, unaovutika zaidi kidogo. Lakini ukikivuta kona kwa kona, nyuzi hujilaza na kitambaa kikarefuka mkononi mwako. Shika kanga uliyojifunga, uivute kwanza kwa urefu, kisha kwa hanamu, utaelewa bila mwalimu. Sasa shona ukingo wa namna hiyo pamoja na ukingo ulionyooka: cherehani itaurefusha mmoja na kuuacha mwingine, na mfarishi utatoka umefura katikati kama andazi.

Kisha kuna hesabu. Mimi huacha robo inchi ya kitambaa kati ya mshono na ukingo, ilhali mafundi wa nguo huacha zaidi ili nguo iweze kuachiwa mteja akinenepa. Safu ya vipande 12 ina mishono 11. Ukizidisha milimita 1 tu kila upande wa mshono, safu nzima imepungua milimita 22, na haitakutana tena na jirani yake hata uivute kwa maombi.

Dawa yangu ni wanga wa muhogo uliopikwa mwepesi: nachovya kitambaa, naanika kivulini, napiga pasi kwa kukandamiza bila kusukuma, ndipo nakata. Kasoro yake, ambayo kwa miaka kadhaa sikuwaambia wateja, ni kwamba mende wanaupenda wanga huo kuliko mimi, kwa hiyo mfarishi usifungiwe kabatini kabla ya kufuliwa.

Hata hivyo, kuna jambo linalonisumbua. Wanawake wa jamii ya Siddi huko Karnataka, India, ambao mababu zao walitoka Afrika, hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa nguo kuukuu, bila kupima: huanzia pembezoni mwa kitambaa kizima cha chini wakielekea katikati, kila kipande kikishikizwa papo hapo kwa bandi za mkono. Nilipoujaribu mtindo huo kwa pembetatu zilezile ninazozilalamikia, zilitulia, kwa kuwa kitambaa cha chini kilizinyima nafasi ya kuvutika. Ninashuku kwamba robo inchi ninayoihubiri ni sheria ya cherehani, wala si ya mfarishi.

Nikarudi kwenye kiroba. Karibu nusu yake ilikuwa poliesta, ambayo nilipoisogezea kiberiti ilijikunja ikawa shanga nyeusi ngumu, badala ya kuacha majivu mepesi yenye harufu ya karatasi iliyoungua. Hiyo niliitenga. Kwa pamba iliyobaki nilimwambia mteja kwamba nitamshonea kawandi, yote kwa mkono, kwa bei mara mbili ya ile ya cherehani. Alinitazama kwa muda, kisha akauliza bei itakuwa kiasi gani nikiviunganisha tu.