Paddy Mayne: raga, jeshi na maneno ya barazani

Hapa Malindi jioni barazani, kahawa na kashata, ikitajwa raga tu utaskia "huo mchezo wa miraba minne, akili haitakiwi", na jeshi nalo wanalisema hivo hivo. Mpwa wangu anacheza raga shuleni na anataka kua afisa wa jeshi, juzi akaniambia mjomba mimi vitabu vya nini na nguvu ninazo. Iliniuma walai. Mtu aliyempigia mfano ni Blair "Paddy" Mayne, mchezaji raga aliyekua askari wa Uingereza Vita Kuu ya Pili, na huyo ndo watu wanamsimulia kombo.

Ati alikua misuli tu. Mwili kweli alikua nao, mzaliwa wa Newtownards, Ireland ya Kaskazini, 1915, anacheza safu ya pili ya skramu, pale timu mbili zinaposukumana, na 1936 akawa bingwa wa ndondi uzito wa juu wa vyuo vikuu vya Ireland. Lakini huyu mtu alisomea sheria Queen's University pale Belfast akawa wakili! Ireland aliichezea mechi 6, na 1938 akaenda Afrika Kusini na British Lions, timu ya pamoja ya Uingereza na Ireland, akacheza mechi kubwa zote 3, mbili wakafungwa, ya mwisho Cape Town wakashinda 21-16. Na pesa hakuna, raga wakati ule ilikua ya ridhaa, malipo yameruhusiwa 1995, kwa hivo mchezaji lazima awe na kazi yake. Hata leo hapa Kenya anayetaka ukadeti anaulizwa gredi ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari.

Ati vitani alitegemea kifua. Hapa nataka mnisikize sana, manake sisi wa Malindi habari ya ndege za vita tunayo, 1940 ndege za Italia ziliangusha mabomu hapa hapa mjini kwetu. Sasa kazi ya Mayne na wenzake kule Libya ilikua kuzimaliza ndege za Wajerumani na Waitalia zikiwa bado ziko chini. Desemba 1941 uwanja wa Tamet, wakaingia usiku kwa miguu, watu wachache tu, kila mmoja na mabomu aliyoyabuni mwenzao Jock Lewes, baruti laini imekandwa na mafuta na unga wa kuwashia moto, unalibandika juu ya bawa karibu na tangi, kifaa cha kuchelewesha mlipuko kishawekwa, unaenda ndege ya pili, ya tatu, halafu unatoka kabla ya ile ya kwanza haijalipuka. Kwa hesabu yao ndege zaidi ya 20 ziliharibika usiku ule mmoja. Hapo kifua kitakusaidia nini kama hujui tangi liko wapi na dakika zimebaki ngapi?

Ati SAS, kile kikosi maalum cha jeshi la Uingereza alichopigana nacho kule Libya, aliianzisha yeye. Hapana, ni David Stirling, 1941. Mayne alishika uongozi Stirling alipotekwa Januari 1943.

Ati alitolewa jela kwa kumpiga mkubwa wake ndo akaingia SAS. Hadithi tamu, lakini waliopekua rekodi hawakupata ushahidi wa kufungwa. Kinachojulikana ni kua Juni 1941 alipigana Mto Litani, Lebanon, na komando wa Scotland.

Ati ana Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Alipendekezwa, Aprili 1945 karibu na Oldenburg, Ujerumani, alipoendesha jipu risasi zikimiminika akawatoa wenzake waliojeruhiwa. Akapewa DSO, nishani ya chini yake, tena ikiwa mara yake ya nne. Mimi naona alidhulumiwa na sitaficha.

Ati alifia vitani. Alirudi kwao na cheo chake cha luteni kanali, mgongo ukimtesa, akawa katibu wa chama cha mawakili cha Ireland ya Kaskazini. Desemba 14, 1955, usiku, gari yake ikagonga lori lililoegeshwa pale pale Newtownards, akafa na miaka 40.