Diski inapanda usiku na hakuna mtu? Angalieni saa kabla hamjasema mmedukuliwa

Juzi nimepigiwa tena simu ileile, "fundi tumedukuliwa, diski inapanda usiku wakati duka limefungwa", yaani grafu ya kusoma na kuandika diskini, sio ya nafasi. Jamani. Hii ndo dhana inayonichosha kuliko zote, eti mfumo ukikosa watu basi databezi nayo inalala. Hailali. PostgreSQL, programu ya databezi, ina autovacuum inayofagia mistari iliyokufa (iliyofutwa au kubadilishwa), ina checkpoint inayomwaga mabadiliko kutoka kwenye kumbukumbu kwenda kwenye diski, na zaidi ya yote kuna kazi mlizozipanga wenyewe kwenye cron, ratiba ya kazi zinazojiendesha kwa saa, mkazisahau.

Huyu ni bosi wa duka la jumla Ngamiani, seva yake iko kwenye wingu. Grafu inapanda saa nane kamili usiku, kila siku. Kitu kinachokuja kwa saa vile kimepangwa na mtu, hiyo ndo ishara ya kwanza. Nikakesha, ilipogonga saa nane nikafungua pg_stat_activity, orodha ya PostgreSQL ya nani anafanya nini sasa hivi, nikachuja zile active tu, yaani zinazofanya kazi, mstari huu hapa: COPY public.mauzo, anasoma jedwali la mauzo, na kwenye application_name, jina la programu, imeandikwa pg_dump, kifaa cha kutoa nakala ya databezi. Bakapu! Fundi aliyenitangulia aliweka 23:00 akijua ni saa tano usiku, kumbe seva inahesabu kwa UTC, saa za kimataifa, na sisi Tanga tuko mbele masaa 3, so inaangukia saa nane. Na pg_dump inasoma majedwali yote mwanzo mpaka mwisho, lazima diski ipande.

Mengine haraka haraka. "Ukirestati inaisha": hapana, shared_buffers, kumbukumbu ambamo PostgreSQL inashikilia data, inaamka tupu, data inaanza kusomwa upya diskini, unazidisha. "Tufute risiti za zamani": DELETE haipunguzi faili, inaacha mistari iliyokufa, ikifika kama asilimia 20 ya jedwali autovacuum inaanza kazi, yaani umejitengenezea mpando mwingine. "Tununue diski kubwa": mnalipia kitu msichokijua, kweri (ombi linalotumwa kwa databezi) inayopanga data nyingi kuliko work_mem, kumbukumbu inayopewa ya kupangia, ambayo kwa kawaida ni 4MB tu, itaendelea kumwagikia diskini hata diski iwe kubwa vipi. Washeni log_temp_files, mpangilio wa kuandika kwenye logi kila faili la muda, iwe 0 muone kweri zenyewe, nawaomba sana hii, kila siku naisema.

Na mkinipigia msiniambie "usiku", nipeni saa na dakika.

Yule bosi nimemsogezea bakapu ikawa 20:00 ya seva, saa tano yetu kweli, na grafu sasa inapanda muda anaoujua.