"Angeweza" si "angefanya"

Fundi samani mmoja ninayemheshimu amenitumia picha ya hataza ya Marekani, yaani hati ya kulinda uvumbuzi (patent), ya kitanda cha mota chenye ubao wa mchagoni unaosogea. Chini yake ameandika: "Kaka, mota ilikuwepo, bawaba zilikuwepo, kitanda kilikuwepo. Hapa wamevumbua nini?" Swali hili nimeletewa na wanafunzi wa sheria, na waagizaji wa samani, hata na mawakili wenzangu wasioshughulika na hataza. Kila mara linakuja likiwa limeshajijibu.

Vipande kuwepo hakuui hataza. Kungekuwa kunaiua, pasingebaki hataza ya mashine hata moja, kwa kuwa kila mashine ni chuma, skrubu, waya na egemeo ambavyo mtu mwingine alishavitumia. Kifungu cha 103 cha sheria ya hataza ya Marekani, kilichoingizwa mwaka 1952, kinauliza kama dai, yaani maelezo ya kile hasa mvumbuzi anachotaka kilindwe, lote kwa ujumla wake lingekuwa dhahiri kwa fundi wa kawaida wa fani hiyo, kabla ya tarehe ya kuwasilisha maombi. Likiwa dhahiri, hataza haisimami. Dai lote, siku ile. Mahakama ya Juu ya Marekani ikaweka utaratibu mwaka 1966 katika kesi ya Graham dhidi ya John Deere: tazama maarifa yaliyotangulia, tazama tofauti, pima kiwango cha fundi, kisha sikiliza ushahidi wa pembeni kama vile mafanikio sokoni au wengine kujaribu wakashindwa. Hilo halina ubishi, tusonge mbele.

Turudi kitandani. Kitanda cha kuinua mgongo ni cha kale. Daktari wa upasuaji Willis Gatch alikitambulisha Marekani mwaka 1909. Kasoro moja ya vitanda hivi ni kwamba mgongo ukiinuka, godoro linajivuta kutoka mchagoni. Linabaki pengo, mto unadumbukia humo, na mlalaji anajikuta mbali na taa na kabati lake la pembeni. Sasa tuchukue dai la mfano, nililolirahisisha: ubao wa mchagoni umeshikwa kwa mikono miwili yenye egemeo, mikono imeungwa na fremu ya mgongo, ili mgongo ukiinuka ubao nao uje mbele na kuinama, pengo lisitokee.

Anayeishambulia hataza analeta hati mbili. Ya kwanza ni kitanda cha mota ambacho ubao wake umefungwa kwenye fremu isiyosogea. Ya pili ni kiti cha kulalia chenye mikono inayosukuma kiegemeo cha kichwa kila mgongo unapobadilika. Kiti na kitanda ni fani mbili? Huenda, lakini hati ya fani nyingine inakubalika ikiwa inagusa tatizo lilelile alilokabili mvumbuzi, na mimi sioni jinsi ya kuikataa hii.

Hapo watu hukunja mafaili. Fundi angeweza kuitoa mikono kwenye kiti akaitia kitandani, basi ni dhahiri. Hapana! Kiswahili chetu kinalitenganisha jambo hili vizuri kuliko vitabu vingi vya sheria: *angeweza* ni neno moja, *angefanya* ni jingine. Fundi hodari angeweza kufunga mikono hiyo kwenye mlango, kwenye jokofu, kwenye jeneza. Uwezo wake hautuambii lolote. Tunachotafuta ni sababu ambayo ingemsukuma siku ile, akiwa na hati hizi mbili mbele yake na bila kuliona dai. Ofisi ya Hataza ya Ulaya imelifanya pambanuo hili kuwa sehemu ya kazi yake ya kila siku. Marekani wanatumia maneno mengine, lakini ugomvi ni huohuo.

Kwa hati zile mbili sababu inapatikana: pengo linaonekana kwa macho, na kiti kinaonyesha namna ya kulifuata. Hataza iko hatarini. Lakini badilisha hati ya kwanza. Tuseme kitanda chake ni kile ambacho mgongo ukiinuka, fremu yote ya juu inateleza kwenye reli kurudi nyuma kuelekea ukutani. Vitanda hivyo vipo madukani. Hapo pengo limeshazibwa. Fundi hana ugonjwa wa kutibu, na ile sababu tuliyoitegemea imeyeyuka. Mshambuliaji atafute nyingine, labda reli ni ghali au zinakwama, na aithibitishe.

Zaidi ya hapo, fremu inarudi nyuma huku ubao unakuja mbele, vitagongana. Mwenye hataza hushangilia akifika hapa, na hushangilia mapema mno. Sheria haidai vipande viingiane kama vilivyo. Fundi ana akili ya kukata na kurekebisha. Mgongano peke yake haumwokoi. Kinachomsaidia ni kuonyesha kwamba marekebisho yanayohitajika yanaivunja namna yenyewe ambayo kitanda cha kwanza kilifanya kazi. Mpaka kati ya kurekebisha na kuvunja uko wapi? Nimeshuhudia watu makini wakiuchora mahali tofauti kwa kitanda kimoja, na sina rula ya kuwapatanisha.

Wenye hataza nao wana kosa lao, la kudai waonyeshwe hati iliyoandika waziwazi "unganisha hiki na kile." Hoja hiyo ilivunjwa tarehe 30 Aprili 2007, kesi ya KSR dhidi ya Teleflex, majaji wote wakiwa upande mmoja. Kesi ilihusu pedali ya gari inayorekebishika, iliyofungwa kihisi cha kielektroniki kwenye egemeo lisilosogea. Mahakama ya rufaa ilikuwa imesema hati ya zamani ya pedali ilitatua tatizo tofauti, kwa hiyo fundi asingeifuata. Mahakama ya Juu ikakataa: fundi wa kawaida ana ubunifu wa kawaida, si roboti. Magari yalikuwa yanahamia vihisi vya kielektroniki, na ilijulikana kwamba waya uliofungwa kwenye sehemu inayosogea husuguana na kuchakaa. Kihisi kingewekwa wapi tena kama si kwenye egemeo lililotulia? Naipenda hukumu hiyo kwa sababu haikuishia kusema vipande vilikuwepo. Ilieleza kwa nini mkono wa fundi ungeelekea pale.

Kuna jambo linalonisumbua, na nalisema wazi. Mimi huanza kwa kulisoma dai. Kisha natafuta hati za zamani kwa kutumia maneno ya dai hilohilo. Nikizipata mbili, nimeshajua zinakutana wapi, na sababu ya kuziunganisha inanijia kirahisi mno. Mtaalamu anayeitwa kutoa ushahidi naye ameanza hivyohivyo. Tunaambiwa tujiepushe na hekima ya baada ya tukio, lakini sijapata njia ya kusahau nilichokwisha kukisoma. Ninachofanya ni kuandika sababu kwanza bila kuitaja hataza kabisa, kisha kuangalia kama bado inasimama. Mara nyingi haisimami, na ripoti naianza upya.

Sasa nikujibu, fundi wangu. Unasema vitanda kama hivyo uliviona dukani kabla ya hataza kuombwa. Mahakamani hilo linaweza kusikilizwa, ingawa huko utahitaji ushahidi ulio wazi na wa kushawishi. Mbele ya Bodi ya Ofisi ya Hataza ya Marekani inayopitia upya hataza zilizokwisha kutolewa, katika utaratibu ulioanza Septemba 2012, inatosha ushahidi wako uzidi wa mwenzako, ila hoja yako lazima ijengwe juu ya hataza au machapisho. Kitanda chenyewe hakitoshi. Nitafutie katalogi yake, yenye tarehe, na hasa ukurasa unaolalamikia lile pengo.